Kwa nini paini kubwa za Kapkwata ni kimya hivi? Mliotembea huko semeni

#1 MtembeaMlima
Salaam wote. Majuzi nilikuwa Kapkwata na wageni wawili, tunaupanda Mlima Elgon upande wa Uganda kwa njia ya Piswa. Anayeijua njia hiyo anajua inavyoanza: kabla ya kufika kwenye msitu wenyewe unapita kwanza kwenye paini na sipresi za kupandwa, mingine miti mikubwa ambayo ukiikumbatia mikono haikutani. Nimepita pale mara nyingi, lakini siku zote ni mbio, mzigo mgongoni, akili iko kambini. Safari hii mgeni mmoja goti lilikuwa linamsumbua, tukawa tunakwenda hatua kumi, tunasimama. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sisikii kitu. Juu kuna ule mvumo wa paini, kama mto ulio mbali, basi. Chini sindano zimelala unene wa godoro, mguu ukikanyaga hautoi sauti. Ndege hakuna, panzi hakuna, hata nzi wa kumfukuza usoni hakuna. Niliangalia saa: dakika arobaini.

Kisha tukavuka kijito, tukaingia kwenye mipodo, miti ya asili ya msitu wenyewe. Jamani! Ndege shorobo wanakwaruza sauti huko juu, mbega wanaruka tawi hadi tawi, nyuki, vipepeo wameshikamana kwenye tope la kijito. Na si mbali, ni mwendo wa dakika chache kutoka kule kwenye kimya.

Mlima ni ule ule, mvua ni ile ile. Na podo si ndugu yake paini? Yote ni miti isiyo na maua. Kwa nini huku kuwe hivi na kule kuwe vile? Aliyekaa huko anieleze, maana swali hili limeninyima usingizi kweli.

#2 AfandeMstaafu
Ulipita saa ngapi? Nimefanya doria milimani miaka mingi. Saa sita mchana hata msitu wa Mabira unalala.

#3 MtembeaMlima
Afande shikamoo. Kwenye paini ilikuwa saa tano kasoro, kwenye mipodo saa sita kasoro. Yaani penye kelele ndipo tulipofika jua likiwa kali zaidi. Hoja ya saa naiheshimu lakini hainitoshi.

#4 FundiMbao_Namatala
Jibu ni tumbo. Mimi napasua paini na sipresi, huu mwaka wa kumi na tano. Koni ya paini ni ngumu kama jiwe mpaka ikauke ifunguke yenyewe, na mbegu yake ni ndogo, ina kibawa, inapeperuka. Sipresi ndiyo kabisa, kakoni kama gololi. Ndege gani wa hapa atashiba kwa hiyo? Maua yenye asali hakuna, tunda la nyama hakuna. Majani ukiyatafuna ni utomvu mtupu. Msumeno wangu wenyewe ukipasua paini mbichi magogo manne matano unanata, nausafisha kwa mafuta ya taa ndipo uendelee. Kama chuma kinashindwa, tumbo la mnyama je?

Mgeni haendi nyumba isiyopika.

#5 BintiKween
Sipresi za upande ule baadhi zilipandwa na baba yangu kwa mikono yake, kwa hiyo ngoja niseme ninachokijua.

Zamani mlipewa kipande, mnapanda miche ya msitu, na katikati ya mistari mnalima viazi na maharage. Mnapalilia chakula chenu, na mche unapona kwa palizi hiyo hiyo. Miaka mitatu minne, miti ikishaanza kufunika, mnaondoka mnapewa kingine. Nilikulia humo. Na nawaambia, miaka ile ya mwanzo hakukuwa na kimya. Kwale walikuwa wanatoka miguuni mwetu, kanga, ndege pasa wanakula maharage machanga, kima wanashuka kung'oa viazi, mama akawa anatuweka zamu kuanzia alfajiri na debe la kupiga. Halafu miti ikafunika. Nakumbuka mwaka tuliorudi kuokota kuni kwenye kile kilichokuwa shamba letu, giza mchana, matawi makavu yanakuchoma macho, na sisi watoto tukawa tunanong'ona bila kuambiwa na mtu.

Lakini nimepita tena hivi karibuni sehemu ambayo ilipunguzwa miti, ile iliyobaki imekuwa mikubwa na mirefu, na chini pameota vichaka. Ndege wamerudi. Kwa hiyo MtembeaMlima, swali lako linategemea ulipita kwenye umri gani wa msitu. Haya, ulipopita chini palikuwa na kijani au sindano tupu?

#6 MtembeaMlima
Sindano tupu. Hapa na pale kangaga, basi. Asante dada, hili sikuliangalia.

#7 Mwl_Baiolojia
Habari za jioni. Niko Fort Portal. Naongeza mawili na kupinga moja.

La kwanza, sindano za paini huoza polepole. Zina nta na utomvu, na zina naitrojeni kidogo, hivyo bakteria na minyoo hawazikimbilii. Ndiyo maana zinarundikana. Wadudu wa ardhini wakipungua, ndege wanaofukua majani chini nao hawana kazi pale.

La pili, kufanana kwa podo na paini kusikudanganye. Ni kweli zote hazina maua, lakini ni koo mbili tofauti tangu zama za kale sana. Paini ni watu wa kaskazini mwa dunia. Aina moja tu ya paini inavuka ikweta kwa asili yake, nayo iko Sumatra. Zetu zote zililetwa. Podo ni mwenyeji, na ndege wa hapa wamekua naye.

Ninachopinga ni cha Fundi. Hapa Kibale, kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 1993, idara ya misitu ilikuwa imepanda paini na sipresi kwenye vilima vilivyokuwa na nyasi. Watafiti walipochunguza miaka ya 1990 walikuta chini ya paini zile miche ya miti ya asili imejaa. Sasa nani aliileta? Mbegu nyingi za miti ile haziruki kwa upepo, zinabebwa tumboni na nyani, na hondohondo, na shorobo, na popo. Maana yake wanyama waliingia kwenye paini, wakakaa, wakajisaidia, wakaondoka. Kama nyumba haipiki, hao walifuata nini?

Kwa maoni yangu siri ni umbali wa msitu wa asili. Paini iliyo jirani na msitu inapata wapita njia. Iliyo peke yake haipati.

#8 FundiMbao_Namatala
Mwalimu, hata mimi nalala stendi nikikosa basi. Sijaifanya nyumba.

#9 Mwl_Baiolojia
Hapo umenipata kidogo 😄 lakini miche iko pale, nenda kaihesabu.

#10 MswahiliWaTanga
Wapendwa wa Uganda, nafuatilia. Hilo neno paini tunalo hata huku, ila lenyewe hasa ni msonobari. Msiuache mti mzuri hivyo bila jina lake.

#11 BintiKween
Kaka, ukisema msonobari hapa Kapchorwa utaletewa kitabu. Ukisema paini utaletewa mbao.

#12 Kijana_wa_Arua
Mimi niliambiwa paini ndiyo mvinje.

#13 MswahiliWaTanga
Hapana ndugu. Mvinje ni ule wa ufukweni, majani kama nyuzi, ukipata upepo unalia. Unafanana na paini kwa mbali lakini si koo yake kabisa, mvinje una maua. Na mtarakwa ndio ule wa mbao nyekundu yenye harufu, wa penseli.

#14 Mwl_Baiolojia
Sahihi. Na mtarakwa tunao Uganda kwa asili, Karamoja, Mlima Moroto. Katika ukoo wake, mireteni, ndio pekee unaofika kusini mwa ikweta kwa asili yake. Turudi kwenye mada kabla mwenye uzi hajatufukuza.

#15 BintiWaZombo
Mada hii imenigusa. Sisi tuko West Nile, juu kwenye baridi, msitu wetu ni Lendu. Paini na sipresi, ukungu asubuhi mpaka huoni mti wa tano. Nilikuwa nachanja njia mle nikienda shule, kwenda na kurudi.

Nakubaliana na mchana kuwa kimya. Lakini njoo saa kumi na mbili jioni. Njiwa wanaingia kulala kwa makundi, mpaka matawi yanasikika yakipokea uzito. Mwewe wana viota vyao juu kabisa kwenye uma wa mti, miaka nenda miaka rudi kiota kile kile, wanaongeza vijiti na matambara waliyookota majumbani. Usiku babewatoto, yaani bundi, anaanza, mmoja huku, mwingine anamjibu kule bondeni. Na kwenye barabara ya malori ukiwa na tochi unaona macho mekundu yametulia chini kwenye vumbi, unafikiri ni mnyama, ukikaribia anaruka bila sauti. Ndege kirukanjia huyo.

Kwa hiyo kwangu mimi paini ni mahali pa kulala. Wanakula kwingine. Ukienda nyumba ya watu mchana wote wakiwa shambani utasema hakuna mtu.

#16 AfandeMstaafu
Haya basi, si nilisema saa? Namba 2 huko juu. Asante binti.

#17 MtembeaMlima
Afande umeshinda nusu 🙏 Nusu nyingine bado.

#18 MkulimaPaini_Kiboga
Nimesoma yote. Mimi ni mkulima wa paini, ile ya karibea, huku chini kwenye joto. Wa Elgon mna paini ya patula na sipresi, ni tofauti, lakini kanuni ni moja: mwanga.

Sisi tunapanda mita tatu kwa tatu, yaani miti 1,111 kwa hekta. Ukiiacha yote ikue, ndani ya miaka michache hakuna jua linalogusa ardhi. Ndiyo maana tunapogoa matawi ya chini na kupunguza miti, mara ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho wabaki mia chache wanaonenepa kwa ajili ya mbao. Kila nikipunguza, mvua ya kwanza tu majani yanatoka. Nyasi zikitoka pongo wanakuja, nawaona alfajiri kwenye njia ya moto, ule ukanda tunaoufyeka kuzuia moto, dume na jike wake, wamesimama kama wamechongwa. Kanga wanakuja. Mondo nimemwona mara mbili anavizia panya.

Na Mwalimu, mimi sina msitu wa asili karibu. Jirani zangu ni ng'ombe na mahindi. Kama ingekuwa ni umbali, hao pongo wangetoka wapi?

#19 Mwl_Baiolojia
Pongo si shahidi mzuri, ndugu mkulima. Pongo anaishi hata nyuma ya choo cha shule. Niambie kama umepata shorobo, au mbega.

#20 MkulimaPaini_Kiboga
Shorobo sijapata. Nitasema kweli.

#21 FundiMbao_Namatala
Ngoja niulize nami. Magogo mengine yanakuja kiwandani yana kovu refu, sehemu haina gome, mti umejaribu kulifunika kwa pembeni kama midomo miwili, na ndani mbao imeshaingia weusi. Wachukuzi wanasema ni kima. Kweli kima anakula mti? Maana hapo hoja yangu ya tumbo inaingia mashakani, na ninataka kuijua kweli kuliko kushinda.

#22 BintiKween
Ni kima, kweli kabisa. Anakaa kwenye tawi, anauma gome, anavuta kwa mikono kama unavyomenya muwa, halafu analamba na kukwangua ule unyevu mweupe wa ndani kwa meno ya mbele. Nimeusogelea mti uliofanyiwa siku ile ile. Alama za meno ziko wazi, mistari miwili miwili inashuka. Utomvu ulikuwa umetoka matone, mengine yameganda meupe kama mshumaa, na kwenye tone moja sisimizi wawili wamekwama, mmoja bado anachezesha mguu. Ukinusa ni harufu ya limau iliyochanganyika na rangi ya kupaka. Mti ukizungukwa wote, kilele kinakufa, unabaki na kichwa kikavu.

#23 MkulimaPaini_Kiboga
Tatizo hilo lipo Kenya, Tanzania na Malawi pia, wakulima wanalia nalo. Ila wanapenda miti ya umri wa kati, gome bado laini. Paini mzee gome ni nene, amevaa viatu. Kwa hiyo hata huo mlo, msitu ukizeeka, haupo.

#24 AfandeMstaafu
Wanafanya hivyo kiangazi, njaa. Matunda ya msituni yakiisha wanakuja kwenye gome.

#25 BintiKween
Afande samahani, sisi tuliona zaidi mvua zikianza. Wakati huo mti unavuta maji na gome linabanduka kirahisi. Kiangazi limeshikana, hata kwa panga ni kazi.

#26 Kijana_wa_Arua
Wengine wanasema wanatafuta chumvichumvi.

#27 Mwl_Baiolojia
Na wengine wanasema ni sukari iliyo kwenye utando wa chini ya gome. Na wengine kwamba ni tabia ya ukoo, kundi moja linajua, la jirani halijui, watoto wanajifunza kwa mama. Haya yote yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, njaa ndiyo inamfikisha pale mara ya kwanza na sukari inamrudisha. Lakini kuna makundi yana chakula tele na bado yanachuna. Hapo mimi nanyamaza.

#28 MwanaBukoba
Hodi. Mimi niko upande wa Tanzania, jirani na Minziro. Mnasahau podo wa tambarare! Kutoka Sango Bay kwenu Uganda mpaka Minziro kwetu kuna msitu wa podo unaosimama kwenye maji, kando ya Ziwa Viktoria, kwenye mwinuko ambao mtu wa mlimani atakuambia podo hawezi kuota. Mvua kubwa ikinyesha unatembea maji ya magoti, mizizi imejitokeza kama magoti ya ngamia, na kelele humo usiku na mchana. Vyura peke yao ni kwaya tatu.

Nayasema haya kwa sababu kichwa cha uzi kinaweza kumfanya mtu aamini kwamba miti hii ya koni yenyewe ndiyo inayofukuza viumbe. Siyo. Podo ana tunda, ana wenyeji wake, amechanganyika na miti mingine. Shida si ukoo wa mti, shida ni kupandwa mmoja peke yake mstari kwa mstari.

#29 FundiMbao_Namatala
Hapo tumerudi kwenye tumbo. "Podo ana tunda." Asante shahidi wangu.

#30 MwanaBukoba
Nimesema na kuchanganyika pia, mzee, usinikate nusu!

#31 MamaUyoga_Rubanda
Wanangu hamjambo. Nyote mnaangalia juu. Angalieni chini.

Kwetu tuna msitu wa Mafuga, paini kwenye miteremko ya baridi. Mvua zikianza, baada ya siku nne tano, sindano zinavimba mahali mahali kama kitu kinapumua chini yake. Ukizifunua kwa kidole unakuta uyoga, kofia ya kahawia inateleza kama imepakwa mafuta, na chini ya kofia haina zile kurasa, ina sponji ya njano. Ukiukata unakuta funza wadogo wameshaingia, na konokono wamekula ukingo. Hapo pana watu wengi kuliko mnavyodhani.

Na uyoga huo si mgeni wa bahati mbaya. Paini bila uyoga kwenye mizizi haikui. Paini zilipoanza kupandwa Afrika Mashariki, miche ilikuwa inadumaa na kugeuka njano mpaka ilipoletwa udongo kutoka chini ya paini zilizokwisha kukua, wenye uyoga wake. Mpaka leo kwenye vitalu tunachanganya udongo wa chini ya paini kubwa. Mimi nina kitalu, nafanya hivyo, na mche usio na udongo ule nautambua kwa macho.

Ila neno moja nawaomba: msile uyoga wa kwenye paini kwa kubahatisha. Kuna mmoja mwekundu wenye madoadoa meupe, ulifuata paini kutoka Ulaya na umeshaonekana Tanzania na Kenya. Ni sumu. Mtoto akiuona ataupenda kwa sura.

#32 MtembeaMlima
Mama, shikamoo na asante sana. Nimepita juu ya haya yote kwa buti miaka yote hii.

#33 Mwl_Baiolojia
Mama ametufundisha. Na hili linaongeza hoja nyingine: kama uyoga wenyewe ni mgeni, inawezekana wadudu wetu wengi bado hawajaujua kula. Msitu mzima umehamishwa na vyombo vyake.

#34 MamaUyoga_Rubanda
Funza wameujua, mwalimu. Njoo uone.

#35 Jirani_Endebess
Niko ng'ambo, Kenya, mlima ni mmoja. Sipresi yenu ya zamani ni bahati imebaki. Jina lake la kitaalamu linaitaja Ureno, ndiko ilikotoka. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza mti, viliua sipresi nyingi sana kwetu kuanzia mwaka 1990.

#36 Mwl_Baiolojia
Jina linataja Ureno lakini asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ureno ilipandwa zamani, wataalamu wakaipa jina la walikoikuta. Kuhusu vidukari uko sawa: vilionekana Malawi mwaka 1986, vikapanda kaskazini nchi kwa nchi. Baadaye aliletwa nyigu mdogo anayetaga yai ndani ya kidukari.

#37 Jirani_Endebess
Asante kwa kurekebisha. Basi niongeze nilichoona mwenyewe: sipresi yenye vidukari haikuwa kimya! Tawi linakuwa jeusi na kunata, nyuki wanafuata ule utamu, ndege wadogo vinengenenge wanakuja kundi zima, wanapekua tawi kutoka ncha hadi shina huku wanasemezana. Mti unakufa na karamu inaendelea juu yake. Pengine msitu wenye afya tele ndio ulio kimya.

Na mkifika Elgon msiache mapango. Kwenye pango la Kitum tembo wanaingia ndani gizani kukwangua chumvi ukutani.

#38 BintiKween
Mapango hapana, kaka, si kwa kubahatisha. Mwaka 2017 Kween tulipata ugonjwa wa Marburg. Wa kwanza alikuwa mwindaji aliyekuwa akienda karibu na pango la popo. Tulizika watu wa familia moja. Ukipita nje ya pango sawa, ndani kwenye popo usiingie, usiguse.

#39 Kijana_wa_Arua
Poleni sana. Hiyo ndiyo Ebola?

#40 Mwl_Baiolojia
Ni virusi vingine, familia moja na Ebola. Na hilo pango la Kitum nalo lilihusishwa na wagonjwa wa Marburg mwaka 1980 na 1987. Binti Kween asikilizwe.

#41 AfandeMstaafu
Kwa watakaokwenda kutembea kwenye miti hii mikubwa, nina machache. Sindano kavu kwenye mteremko zinateleza kuliko tope, shuka kwa ubavu wa mguu. Usipumzike chini ya mti wenye kichwa kikavu, upepo wa mchana unashusha tawi bila kengele. Mistari ya kupandwa inapoteza mtu kuliko msitu wa asili, kwa sababu kila upande unafanana. Nimewahi kuzunguka na vijana watatu mpaka tukakuta nyayo zetu wenyewe. Shika njia ya moto, au kijito. Ndani ya hifadhi nenda na askari, ni utaratibu. Januari na Februari usiwashe hata kiberiti, sindano zile ni petroli. Ukiyafuata haya utafika kilele cha Wagagai, mita 4,231.

#42 BintiWaZombo
4,321 afande.

#43 AfandeMstaafu
4,321. Miguu yangu ilihesabu kidogo 😊 Asante.

#44 MtembeaMlima
Nimerudi, wiki tatu zimepita. Nililala Kapkwata kwa ajili ya uzi huu tu, sikuwa na mgeni. Nikamwomba askari mmoja tuingie kwenye paini kabla ya jua, tukae mahali pale pale, tusitembee.

Saa kumi na mbili kasorobo giza. Babewatoto mmoja, mbali. Kumi na mbili na nusu mbega wakanguruma kutoka kwenye mipodo, ile ngurumo inayopita kifuani, na mwangwi wake ulikuja mpaka kwenye paini lakini wao hawakuja. Saa moja hivi vinengenenge, labda kumi na wawili, walipita juu kabisa kwenye vilele, wanasemezana kama alivyosema jirani wa Endebess. Walikaa dakika nne, wakaenda. Kigong'ota mmoja kwenye mti uliokufa. Kinyonga mmoja, mdogo kama kidole changu, kwenye kangaga, ana ukungu mgongoni. Nilifukua sindano kwa kijiti kama Mama alivyoelekeza: nyuzi nyeupe za uyoga zimeshona kila kitu, na jongoo. Kisha saa mbili na nusu kila kitu kikanyamaza, kama siku ile.

Kuna jambo moja zaidi. Tulisogea kwenye sehemu iliyopunguzwa miti, yenye vichaka, nikitegemea kelele kama alivyosema Binti Kween na Mkulima. Vichaka vipo, mwanga upo, na kijito cha mipodo kiko pale pale jirani. Kimya kuliko hata kule gizani. Hapo si mwanga, si umbali.

#45 MkulimaPaini_Kiboga
Vichaka gani? Kama ni ile lantana na vitu vya kigeni tu, ni kijani kisicho na chakula. Piga picha majani.

#46 FundiMbao_Namatala
Tumbo.

#47 BintiKween
Sehemu ipi, ile ya juu ya barabara ya malori au chini yake? Ya juu waliwahi kuichoma, nilikuwa mdogo. Nitamuuliza baba ni mwaka gani, Jumapili nakwenda kumwona.